Uzi Usioogopa Bahari

Mnazi wa Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, umejaa neema. Dafu hunywewa, nazi hukunwa, makuti huezeka nyumba, kifuu huwa upawa. Kumbi ndilo linalodharauliwa, likachomwa au kutupwa jalalani. Kumbe humo Mwenyezi Mungu ameweka uzi usioogopa maji ya chumvi.

Karibu sehemu nne kwa kumi za uzi huo ni lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Ndiyo maana hauozi upesi baharini. Wazee wetu walishona mbao za mitepe, vyombo vyao vya baharini, kwa kamba za nazi. Kina mama wa Unguja hufukia makumbi katika matope ya ufuoni kwa miezi kadhaa, vijidudu visivyoonekana vikala kinachozishikanisha nyuzi, kisha huyaponda.

Leo wahandisi hufuma kitambaa cha nyuzi za mimea kama huo wa kumbi, ukiwemo mkonge kama ule unaolimwa Vipingo, wakakilowesha kwa gundi iitwayo rezini ili kiwe ubao mgumu na mwepesi, badala ya nyuzi za kioo zilizomo katika boti za faiba. Lakini uzi wa mmea hupenda maji, na rezini huyakimbia. Tena Muumba ameupaka uzi nta ya kuukinga. Basi rezini haishiki barabara, na ubao ukilemewa, nyuzi huchomoka.

Kwa hiyo kitambaa hulowekwa kwa muda katika maji yenye kostiki soda, mara nyingi asilimia 5 hivi. Nta hutoka, uso wa uzi ukawa wa kukwaruza, rezini ikapata pa kujishikiza. Kisha kitambaa husuuzwa, hutiwa siki kidogo kuua makali ya soda, na kukaushwa kabisa. Soda ikizidi, uzi wenyewe hudhoofika. Mwingereza John Mercer ndiye aliyegundua, mwaka 1844, jinsi soda hiyo inavyoibadilisha pamba. Wengine huongeza sileni, kemikali yenye ncha mbili: moja hushika uzi, nyingine hushika rezini, na mahasimu wakapatana.

Subhanallah! Nguvu ilikuwamo ndani ya uzi tangu mnazi wa kwanza kuota. Mwanadamu amejaliwa tu akili ya kuifungulia njia, tena kwa kipimo. Msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ukiona rundo la makumbi usiliite takataka. Litumie, wafundishe watoto kilichomo, na umshukuru aliyeliumba.