Je, Mtoaji wa Bure Anadaiwa?

Liko swali ambalo limenishughulisha tangu wajukuu zangu waanze kunieleza habari za kompyuta: mtu anayetoa kitu bure, je, ana deni kwa wanaokitumia?

Tuchukue mfano wa Python, lugha ya kuandikia programu aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991. Kila mtu aliruhusiwa kuichukua, kuitumia na hata kuirekebisha bila kulipa senti. Watu wengi wakajenga kazi zao juu yake. Kisha, Desemba 2008, likatoka toleo la tatu ambalo, kwa makusudi, halikupatana na la pili. Katika toleo la pili, ukigawanya 7 kwa 2 ulipata 3; katika la tatu unapata 3.5. Mwalimu yeyote wa hesabu atayaunga mkono marekebisho hayo. Lakini programu iliyoitegemea ile 3 ingetoa jibu jingine, tena kimya kimya.

Wapo wasemao: cha bure hakina madai; asiyependa na abaki na cha zamani. Hoja hii ina ukweli, maana mtoaji si mtumwa wa mpokeaji. Hata hivyo haitoshi. Kumwacha mtu akutegemee, nawe unajua kwamba anakutegemea, ni ahadi hata kama hukutamka neno. Na ahadi ni deni. Deni lenyewe si kutobadilika milele, kwani kosa lisilorekebishwa hurithiwa na wajao. Deni ni kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kuacha muda wa kuhama.

Watunzaji wa Python walilipa deni hilo. Walitoa chombo cha kusaidia kugeuza programu za zamani. Walikuwa wamepanga kuacha kulihudumia toleo la pili mwaka 2015. Walipoona wengi hawajahama, mwaka 2014 wakausogeza mwisho hadi 2020. Kwa miaka 11 wakabeba mizigo miwili.

Chuoni kwetu nasi tulilijua jambo hili. Muhtasari mpya wa masomo ulipokuja, wanachuo waliokuwa katikati ya kozi walimalizia kwa ule wa zamani. Hatukuona kuwa ni upendeleo. Ilikuwa haki yao.

Mpokeaji naye ana wajibu wake. Aliyepewa miaka 11 akakaa akingoja siku ya mwisho, asimlaumu mtoaji. Hisani haimfungi mtu maisha. Humfunga kuaga kabla ya kuondoka.