Njaa ya Panya na Njaa ya Maskini

Mnamo 1935 Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza kuwa panya waliopunguziwa chakula huweza kuishi zaidi ya wenzao walioshiba. Mwaka 1981 wataalamu wengine wakaonyesha kwamba katika ubongo wa panya wa namna hiyo vipokezi vya dopamini, ambavyo hupungua uzeeni, vilichelewa kupungua.

Je, tumwambie maskini kuwa njaa yake ni neema? Hasha! Panya wa McCay walipunguziwa nguvu ya chakula tu; vitamini na madini hawakunyimwa. Maskini hukosa vyote pamoja. Basi mwenye ghala lililojaa, anayemhubiria jirani yake faida za kula kidogo, kwanza afungue ghala. Kisha jirani, akiisha shiba, ajichagulie mwenyewe kujizuia.