Tairi Kipara Ni la Nani?

Umri wa tairi la daladala hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Kuna lami ya Dar es Salaam saa nane mchana, kokoto zenye ncha kwenye barabara za mitaani, breki za ghafla kila kituo, na abiria wa ziada wanaoning'inia mlangoni. Upepo ukipungua, kuta za tairi hukunjika na kunyooka kila linapozunguka, na joto linalozaliwa humo hulidhoofisha kutoka ndani hata kama kashata bado zinapendeza. Shimo moja likivuruga alaimenti, tairi hulika upande wa ndani, ambako jicho la abiria halifiki.

Watu wengi basi wana mkono wao kwenye tairi hilo: aliyeacha shimo bila kuziba, sisi tunaobanana, na mwenye gari anayetaka hesabu yake kila jioni, iwe mvua iwe jua. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndio riziki ya dereva na konda. Lakini trafiki akisimamisha gari, anayeulizwa leseni ni mmoja.

Darasani tulimsoma Aristotle na mfano wake wa watu wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, wameitupa kwa hiari? Anasema tendo hilo ni mchanganyiko, ila linaegemea zaidi upande wa hiari. Wenzangu wengine humwona dereva wa tairi kipara katika mfano huo. Mimi naona umegeuzwa. Wale wa merikebuni wanapoteza mali ili watu wapone. Dereva anahatarisha watu ili mali isipungue, tena mali ya mtu mwingine. Na dhoruba yake ina mtu aliyeipanga.

Hilo halimwondolei lawama yote. Usukani ukianza kutetemeka, yeye ndiye wa kwanza kujua, na anayejua anadaiwa zaidi.

Ila kujua si kwa dereva tu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuzisoma hakuhitaji jeki wala fundi. Mwenye gari anayekuja jioni kupokea hesabu anazipita zikiwa usawa wa goti lake.