Pipa la Bei Rahisi

Tuseme fundi wetu ni kijana wa Kibwezi. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara inayokwenda Mutomo na Kitui, na kazi yake ni kutengeneza bangili, pete na hereni za shaba ya manjano. Jina sitampa, kwa kuwa makosa yake si ya mtu mmoja. Ukipita karakana za jua kali kuanzia Emali hadi Mtito Andei utayakuta, huyu ana moja, yule ana mawili. Nimeyakusanya kwa kijana mmoja ili yafundishe.

Ukambani shaba si ngeni. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi mwaka 1849, misafara ya Wakamba ilikuwa tayari ikipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na bidhaa, nyaya za shaba zikiwemo, na wahunzi wa huku walisifika kwa mikufu myembamba ya kusokota. Siku hizi waya huo haununuliwi kwa pembe. Kijana wetu hununua mifereji mibovu, kufuli zilizovunjika na viungo vya mabomba, anayeyusha, anamimina kwenye kalibu ya mchanga. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa Kibera pia, na vito vyao huuzwa hadi ng'ambo.

Bangili ikitoka kwenye kalibu haina sura. Ni nyeusi, ina chembe za mchanga na kingo za kukwaruza mkono. Kuisugua kwa msasa na kitambaa hadi ing'ae ni kazi ya kumaliza asubuhi nzima kwa bangili chache. Ndipo fundi huanza kutafuta pipa la kung'arishia: chombo kinachozunguka polepole kwa mota, ndani yake kuna bangili, maji, sabuni na vijiti vidogo vya stenlesi vinavyosugua kila pembe ambayo kidole hakifiki.

Kijana wetu alianza na bei. Alifungua simu, akatafuta lililo rahisi kuliko yote, akaagiza kipipa cha mpira cha wale wanaong'arisha mawe nyumbani kwa kujifurahisha. Kilifika kwa basi la Nairobi, kizuri, kimefungwa vizuri. Jirani yake, mzee anayechomelea mageti, alikitazama akauliza:

“Ukipata oda, kwa siku unatoa bangili ngapi?”

“Arobaini, mzee.”

“Na hiki kinabeba ngapi?”

Kijana alikuwa hajapiga hesabu hiyo, na hesabu yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye sanduku. Vipipa vya aina hiyo vingi hubeba kilo 1 na nusu hivi, na uzito huo ni wa kila kitu: maji, vijiti na bidhaa. Toa maji, toa vijiti, shaba inayobaki haizidi nusu kilo. Bangili ya wastani ina gramu 40. Kwa hiyo ni bangili 10 au 12 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja unataka saa 3 au 4. Oda ya bangili 40 ingekula siku nzima na sehemu ya usiku, stima ikiwepo.

Alifanya kile anachofanya mtu mwenye oda na asiye na muda: akakijaza hadi juu. Pipa lililojaa halisugui, kwa sababu vitu havina nafasi ya kuporomoka. Vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Mkanda mwembamba wa mpira ukaanza kuteleza. Akaukaza. Mota, iliyotengenezwa kusukuma uzito mdogo, ikapata joto hadi huwezi kuigusa, na siku chache baadaye ikanuka na kunyamaza. Bei rahisi iliishia hapo, na mteja alikuwa bado anasubiri.

Wiki hiyohiyo mchuuzi wa vyuma chakavu alimletea gunia la maganda ya risasi. Alidai yaliokotwa porini. Huenda ni kweli: upande wa Taita Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana katika kilima cha Salaita mwezi Februari 1916, maganda ya vita hivyo huokotwa hadi leo. Na shaba ya ganda ni safi ajabu, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, bora kuliko ya mfereji. Fundi yeyote ataitamani. Wako hata wanawake wa Entoto, juu ya Addis Ababa, waliojulikana kwa kutengeneza shanga za maganda ya risasi za vita vya zamani.

Lakini gunia la namna hiyo lina mambo mawili ambayo kufuli na mfereji havina. La kwanza ni kwamba si kila ganda ni ganda. Ukilishika lenye kichwa mbele, au lenye fataki (kiwashio cha baruti) kitakoni isiyo na alama ya kugongwa, umeshika risasi nzima au kipande chake kilicho hai. Ikitumbukia kwenye chungu cha kuyeyushia italipuka, na shaba iliyoyeyuka itaruka usoni pa aliyeinama juu ya jiko. Tena Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza raia kuwa na risasi bila cheti. Biashara yenyewe ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015 inayotaka leseni, na tangu rais wa wakati huo alipoisimamisha kwa muda mapema mwaka 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, macho ya serikali yako juu yake.

La pili halionekani, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Fataki ya risasi, inapogongwa, huacha masizi ndani ya ganda. Katika risasi nyingi masizi hayo yana ledi, ile metali nzito ya kwenye betri za magari. Katika risasi za zamani huwa na zebaki pia. Masizi hayo hayana harufu ya kukutisha.

Kijana wetu alilinunua gunia hilo, na kwa kuwa kipipa kilikuwa kimeungua, aliunda pipa lake mwenyewe. Alichukua ndoo ya rangi ya lita 20 na mota ya pampu kuukuu, na kwa kuwa maji ya kisima yana chumvi na stenlesi ni ghali, akaamua kusugua kikavu. Magunzi ya mahindi yakisagwa chenga hung'arisha shaba vizuri sana. Hiyo ni njia halali, inatumika duniani kote, na huku Makueni magunzi ni ya bure. Akaliweka pipa uani kwake nyumbani, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu soketi ilikuwa hapo.

Maganda yalitoka yaking'aa kama mapya. Alipofungua kifuniko, vumbi jepesi la kijivu lilipanda, likatua kwenye sufuria zilizoanikwa, kwenye kanga kwenye kamba, na kwenye mchanga ambao mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa akitambaa na kulamba vidole. Jioni mkewe alifagia, na ufagio ukalipandisha tena. Kila chenga ya gunzi ilikuwa imefanya kazi yake: imetoa masizi ndani ya ganda na kuyafanya vumbi la kuvutwa puani.

Wakenya hatuna sababu ya kutoijua ledi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu hiyo, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, alipigana hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, hukumu ikatenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Fedha hizo hazirudishi akili iliyodumazwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha ledi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto ambaye ubongo wake bado unakua. Karakana ya uani haina ukubwa wa kiwanda, lakini mtoto anatambaa hatua mbili kutoka kwenye pipa.

Kosa lake la mwisho lilikuwa dogo, nalo likamgharimu wateja. Alipata dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, akaona inaondoa weusi haraka, akaanza kuloweka humo hereni alizozipinda kutokana na kuta nyembamba za maganda. Zilimeremeta. Baada ya muda zikarudi moja moja. Ukiinua moja dhidi ya mwanga uliona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye mkunjo na kwenda hadi ukingoni, bila mtu kuikanyaga wala kuiangusha. Shaba ya manjano iliyopindwa baridi, isiyopashwa moto tena kulegezwa, haivumilii amonia. Jeshi la Waingereza nchini India lililiona jambo hilo zamani: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, na baadaye wataalamu wakagundua kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi.

Basi pipa gani lingemfaa? La bei nafuu lipo, na linaweza kuundwa hapahapa Kibwezi na yule mzee wa mageti. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kukaza inatosha, ikijazwa nusu au theluthi mbili na isizidi. Iwekwe juu ya vyuma viwili vya mviringo vyenye beringi, kwa maana mzigo utafika kilo 15 au 20. Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30 ikizunguka mara 77 kwa dakika, vitu hugandamana ukutani na havisugui tena. Mizunguko 40 hivi ndiyo ya kazi. Mota ya kawaida huzunguka mara 1400, kwa hiyo inatakiwa kupunguzwa zaidi ya mara 30 kwa puli za hatua mbili au giaboksi. Hapo ndipo pesa zinapokwenda, na hapo ndipo kijana anapotaka kubana. Abane kwenye ndoo, asibane kwenye beringi na puli.

Na asugue na maji. Vijiti vya stenlesi ni ghali siku ya kununua, lakini havichakai upesi na havihitaji kutupwa kila wiki kama magunzi. Maji huyashika masizi yasipae. Sabuni ya vyombo kidogo na asidi ya ndimu nusu kijiko cha chai vinatosha. Ukizidisha asidi, zinki huliwa na bangili hutoka na wekundu usiopendeza. Maji ya kisima chenye chumvi huacha madoa meupe, hivyo suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua. Maji machafu yasimwagwe kwenye sukuma wiki wala kwenye mkondo wowote unaokwenda kisimani. Yaachwe yatulie kwenye ndoo, na tope lifungwe mbali na watu.

Wewe uliye na karakana, fanya mambo haya kabla ya kuagiza chochote: pima kwa mizani kazi yako ya siku moja, kisha uulize mashine inabeba kilo ngapi pamoja na maji. Ukikuta risasi nzima kwenye gunia, usiigonge wala kuichokonoa. Iache hapo, watoe watu karibu, uwaite polisi. Na kama umekuwa ukisugua maganda makavu nyumbani, lihamishe pipa leo, pangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na mpeleke mtoto hospitali uombe apimwe ledi katika damu.