Je, Kunakili Kitabu kwa Ajili ya Elimu ni Wizi?

Apandaye milima ya Upare, ambako ndiko kilipo kijiji cha Ngujini, hujifunza upesi maana ya neno ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na wazee ili kukusanya maji ya kijito, yapate kufunguliwa na kuteremka kwa mifereji mpaka mashambani. Maji yale hakuyaumba mtu. Lakini ndiva imejengwa na mikono ya watu, na inapojaa tope wenye mashamba huitwa katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuizoa. Kila mtu ana zamu yake ya maji. Afunguaye maji katika zamu ya mwenziwe hulaumiwa, na akwepaye msaragambo hulaumiwa vile vile. Na mtu akiifunga ndiva wakati mashamba ya jirani yanakauka, huyo naye hana haki.

Tumeanza na habari hii kwa sababu tunataka kuchunguza swali linalowasumbua wanafunzi na walimu wengi wa vyuo vikuu katika siku hizi za simu na kompyuta: Je, ni halali kunakili kitabu cha mtu mwingine kwa ajili ya kujifunza?

Tumfikirie kijana wa Ngujini anayesoma katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994, kusudi watu wapate elimu ya juu bila ya kuhama makwao. Mhadhiri anamtajia kitabu kimoja cha lazima. Bei yake inashinda fedha zote zilizobaki nyumbani baada ya kuuza kahawa, na maktaba iko mbali. Mwenziwe anamwambia: “Ngoja nikutumie kwa simu.” Kufumba na kufumbua, kitabu kizima kimo mkononi mwake. Je, akipokee?

Tumfikirie pia mwandishi wa kitabu hicho. Huenda naye ni mhadhiri wa papa hapa nchini, aliyekesha miaka mingi akiandika. Siku moja anaingia darasani, akaona wanafunzi wote wanacho kitabu chake katika simu, wala hakuna hata mmoja aliyekinunua. Mchapishaji anamwambia kwamba nakala hazitoki dukani, na kwamba kitabu cha pili hakitachapishwa. Je, hakudhulumiwa?

Ndugu msomaji, tungekuwa na upande mmoja tu wa jambo hili, hukumu ingekuwa rahisi. Shida ni kwamba pande zote mbili zina haki.

Tutazame kwanza sheria inasemaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, ilimpa mtunzi haki juu ya kazi yake katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini sheria hiyo hiyo haikuufunga mlango wa elimu. Iliruhusu mtu kunukuu kwa kadiri inayostahili, na mwalimu kutumia sehemu ya kazi ya mtu kwa kutolea mfano katika mafundisho, kwa sharti kwamba asipite kiasi cha haja yake na alitaje jina la mtunzi. Tena si ajabu kuwa hivyo. Ile sheria ya Uingereza ya mwaka 1710, inayohesabiwa kuwa mama wa sheria za hakimiliki, ilitungwa kwa kusudi lililotajwa wazi la kuhimiza elimu, na haki iliyompa mtunzi ilikuwa ya miaka 14, ambayo iliweza kuongezwa mingine 14 akiwa hai. Kwa hiyo haki ya mtunzi na haki ya mwanafunzi zilizaliwa pamoja. Anayezifanya kuwa maadui hajui asili yake.

Huenda mtu akasema: “Kitabu si kama maji. Nikichota maji yanapungua, lakini nikinakili kitabu, mwenyewe bado anacho. Nimemwibia nini?” Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba maarifa hayapungui kwa kugawanywa. Lakini jawabu letu ni kwamba kinachochakaa ni ndiva, yaani kazi ya kuandika, kuhariri, kusahihisha na kuchapisha. Wote wakinywa na asiwepo wa kuzoa tope, maji ya mwaka huu yatatosha, ya mwaka ujao hayatafika.

Jambo hili latuhusu sisi Waafrika kuliko wengine. Mwaka 1972 kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alichokiandika alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilitolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam pamoja na mchapishaji mdogo wa London, Bogle-L'Ouverture. Wachapishaji wa namna hiyo ndio walioyapa mawazo yetu njia ya kutokea. Kampuni kubwa ya ng'ambo haitaanguka kwa nakala chache za Ngujini, lakini mchapishaji mdogo wa Kiswahili aweza kufilisika kwa darasa moja tu.

Hata hivyo, haifai kumtetea mtunzi mpaka tukamsahau mwenye kiu. Huko India, mwaka 2012, wachapishaji watatu wakubwa, yaani Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishitaki kiduka cha kudurufu pamoja na Chuo Kikuu cha Delhi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakitengenezewa vitini vyenye sehemu za vitabu mbalimbali. Baadhi ya waandishi ambao kurasa zao zilidurufiwa walisimama upande wa wanafunzi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliikataa kesi hiyo, na katika rufani ya mwaka huo huo majaji walieleza kwamba kinachopimwa ni haja ya mafundisho: je, kilichochukuliwa kinalingana na kusudi la somo? Mwaka 2017 wachapishaji waliiacha kesi.

Hukumu hiyo ni ya India, si ya Tanzania. Lakini kipimo chake kinafanana na kile cha wazee wa ndiva. Basi twaweza kumpa kijana wetu maswali manne ya kuiuliza dhamiri yake. Je, ninachukua kiasi ninachohitaji, au ninabeba chote kwa sababu tu ni rahisi? Je, nitalitaja jina la mtunzi, au nitajivika maneno yake kama yangu? Je, nakusudia kujifunza, au kuwauzia wenzangu? Na je, nina uwezo wa kununua lakini nakwepa tu? Mwenye fedha ya kitabu na asinunue hafanani na asiyenayo kabisa. Yule wa kwanza amekwepa msaragambo.

Lakini la hasha, mzigo huu haufai kuwekwa juu ya kijana peke yake. Kumwacha maskini achague kati ya ujinga na wizi, kisha kumlaumu kwa alichochagua, si uadilifu. Wajibu mkubwa ni wa vyuo. Tangu mwaka 2002, kwa mpango wa Hinari ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, taasisi za nchi zenye kipato kidogo zimeweza kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, na mipango mingine ya namna hiyo ikafuata. Masomo ya TESSA kwa ajili ya walimu wa Afrika, ambayo Chuo Kikuu Huria kilishiriki kuyaandaa, yametolewa wazi ili kila mwalimu ayatumie na kuyabadili, hata kwa Kiswahili. Hizo ni ndiva zilizojengwa tayari. Mhadhiri asiyewaonyesha wanafunzi wake mfereji ulipo, kisha akawakataza kuchota kwa jirani, ana sehemu yake katika kosa.

Basi kijana wetu atafanyaje usiku ule, simu ikiwa mkononi? Kwa maoni yetu, asome sura anayoihitaji kwa somo lake, amtaje mwandishi katika kazi yake, asikisambaze kitabu kizima, na aweke nia ya kukinunua siku atakapojaliwa. Na siku atakapokuwa mhadhiri, aandike, na baadhi ya maandishi yake ayaache wazi kwa ajili ya kijana mwingine wa mlimani. Huo ndio msaragambo wa elimu.

Mwenyezi Mungu atujalie kupata elimu bila ya kumdhulumu aliyetutangulia, na kuitoa bila ya kumnyima anayetufuata. Amin.