Mkate wa Tini na Dripu ya Saratani

Soma 2 Wafalme 20:1–11, 2 Nyakati 16:1–12, Yakobo 5:13–16, 2 Timotheo 4:20.

Muumini anapoambiwa na daktari kwamba uvimbe ulio shingoni mwake ni limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, na kwamba itambidi aanze tibakemia, maswali mawili humjia kabla hajafika nyumbani. La kwanza ni la kila mwanadamu: Je, nitakufa? La pili ni la sisi tuliofundishwa kuomba: Nikikubali dripu hizo, je, nitakuwa nimemwacha Mungu? Katika makanisa yetu ya Songwe, kuanzia Tunduma mpaka Mbangala, swali hili la pili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi hujibiwa nje ya mlango wa kanisa na mtu ambaye hajafungua Biblia.

Basi tuifungue. Hezekia anaugua, na Isaya anamletea habari ya kifo: atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme anaugeukia ukuta, anaomba, analia sana. Nabii hajafika mbali, jibu limekwisha kutoka: ameongezewa miaka 15. Ahadi imetolewa na Mungu asiyesema uongo. Ndipo Isaya anaagiza mkate wa tini uletwe na kuwekwa juu ya jipu.

Kwa nini tini? Mungu aliyerudisha kivuli nyuma madaraja kumi hakuwa na haja ya matunda. Lakini tazama mpangilio wa mambo: dawa inakuja baada ya ahadi. Haikutolewa kwa sababu maombi yameshindwa, wala kwa sababu mfalme ana mashaka. Kama Hezekia angesukuma ule mkate pembeni na kusema, “Mimi nimekwisha kuombewa,” angekuwa anakataa jibu la maombi yake mwenyewe.

Hapa huwa tunakumbushwa habari za Asa, aliyeugua miguu akawatafuta waganga badala ya Bwana. Fungu hilo lipo, nasi hatulifichi. Ila lisisomwe peke yake. Kosa la Asa lilianza mwaka wa 36 wa kutawala kwake, alipotoa fedha ya nyumba ya Bwana ili kununua urafiki wa mfalme wa Shamu. Mwonaji alipomkemea, alimtia gerezani. Ugonjwa ulimkuta mwaka wa 39, naye alikuwa amekwisha kumpa Mungu kisogo. Asa alikwenda kwa waganga akiwa amemwacha Bwana. Dada yetu anayeomba tangu kituo cha basi mpaka mlango wa wodi hafanani naye.

Kuna hoja nyingine ambayo ni yetu Waadventista hasa. Wapo wanaosema kwamba Ellen White alipinga dawa zenye sumu, na tibakemia ni sumu. Ni kweli alizikemea dawa za madaktari wa wakati wake, miongoni mwake zebaki na striknini, ambazo ziliua wengi. Lakini katika Huduma ya Uponyaji, kitabu cha mwaka 1905, anafundisha kwamba anayeomba uponyaji asizipuuze njia za tiba zilizo karibu naye. Tena mwaka 1911, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alimwandikia mwanawe kwamba alikuwa ametibiwa kwa eksirei mara 23 ili kuondoa doa jeusi lililokuwa kwenye paji la uso wake, na doa likatoka. Mionzi ilikuwa teknolojia changa sana wakati huo. Anayetumia Roho ya Unabii kumzuia mgonjwa asiende hospitali na aisome barua hiyo pia.

Hata habari ya limfoma kutibiwa kwa dawa ina kurasa zake hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland na Mkristo mwenye bidii, alifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kuchunguza watoto waliovimba mataya, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 kupitia nchi nyingi, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana. Waliukuta zaidi nchi za chini zenye joto na mvua, si kwenye miinuko yenye baridi. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dawa peke yake. Wengine walikufa. Mojawapo ya dawa za limfoma mpaka leo, vinkristini, hutolewa katika ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye asili ya Madagascar, ambalo wengi wetu tunalipanda uani na makaburini. (Msichemshe majani yake! Yana sumu, na kipimo chake hakijulikani jikoni.) Mungu aliyeziumba tini ndiye aliyeumba na ua hilo.

Je, kila anayepata dripu hupona? Hapana. Limfoma ni za aina nyingi, na mgonjwa amwulize daktari yake ni ipi, imefika hatua gani, na tiba inalenga kuponya au kupunguza mateso. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto, hawezi. Hatuambiwi kwamba imani ya Trofimo ilikuwa ndogo. Kwa sababu hiyo, neno la Isaya la kutengeneza mambo ya nyumba bado linafaa kwa anayejiandaa kwa tibakemia: shamba liandikwe jina la nani, deni la mbegu za ufuta liko wapi, watoto watalala kwa nani. Kufanya hivyo si kujitabiria kifo. Hezekia aliambiwa ayatengeneze, na bado akaishi miaka 15.

Linalonisumbua zaidi ni kucheleweshwa. Limfoma hufanana na kifua kikuu cha tezi: uvimbe, homa, jasho la usiku, kukonda. Mgonjwa anaweza kumaliza miezi akitibiwa kifua kikuu kabla ya kukatwa kinyama cha kupimwa. Akishapata jibu, sisi tunamwongezea wiki nyingine: tufunge kwanza, tusubiri makambi, tuone kama Bwana atatenda. Huko ni kuijaribu imani yetu juu ya mwili wa mwenzetu. Wazee wampake mafuta leo jioni, kesho alfajiri apande basi. Na kanisa likifunga, wafunge wenye afya. Aliye katikati ya dripu ale, anywe maji, na akipata homa ya nyuzi 38 akimbizwe hospitali usiku huohuo, hata kama ni Ijumaa jua limezama, kwa kuwa dawa hizo hupunguza kinga ya mwili.

Anayepewa rufaa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini, na dripu nyingi za limfoma hurudiwa kila baada ya siku 21, kwa miezi. Nauli haiishi kwa sadaka ya Sabato moja. Dorkasi wamtafutie mwenyeji wa karibu na hospitali, na mgonjwa asiye na uwezo aelekezwe mapema kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwenye kikohozi asiende kumtazama. Apige simu, aombe naye humo humo.

Mwalimu, kabla darasa halijafungwa, waulize wanafunzi: Ni nani kati yetu anasubiri majibu ya kipimo sasa, na safari yake ya kwanza atasindikizwa na nani?