Kosa la Kuwa Mahali

Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Iliitwa Reli ya Uganda, na hapo ilipofika palikuwa Uganda kweli. Mwaka uliofuata Waingereza waliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia kwenye himaya ambayo leo ni Kenya. Mzee wa Nyando, jirani na Kisumu, aliendelea kupalilia mtama wake uleule, ila sasa alikuwa mtu wa nchi nyingine. Yeye hakuhama. Mpaka ndio uliohama.

Nayataja haya kwa sababu mjadala wa mipaka na wahamiaji haramu hupenda kuanzia mwisho: mtu kakamatwa, hana karatasi, basi ana kosa. Ni kosa gani? Mwizi amechukua mali ya mtu. Dereva mlevi amemgonga mtembea kwa miguu. Anayekamatwa mpakani, mara nyingi, amekutwa mahali, basi.

Ziwani jambo hili huonekana wazi zaidi. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Mbuta wakubwa wako kwenye kina kirefu, na mvuvi wa Usenge au Muhuru, upande wa Kenya, huwafuata hukohuko. Jioni anatega nyavu, anazifunga mitungi mitupu ya plastiki ili zielee, kisha anangoja. Usiku upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea katikati ya ziwa. Nyavu zinasogea, mashua inafuata nyavu. Alfajiri anaambiwa yuko Uganda. Malalamiko ya wavuvi ni yaleyale miaka yote: anayewaambia ana bunduki, ndiye anayejua mpaka ulipo, ndiye anayetaja faini, na ndiye anayekaa na injini mpaka ilipwe. Mstari wenyewe umeelezwa katika amri ya Waingereza ya mwaka 1926, ukienda moja kwa moja kutoka kisiwa hadi kisiwa. Juu ya maji hakuna alama. Lakini haki yoyote ina sharti hili: anayedaiwa utii aweze kuijua sheria kabla hajaivunja.

Wanaotaka ulinzi mkali wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Samaki wamepungua. Kuna wanaovua makinda kwa nyavu za matundu madogo, na kuna majambazi wanaopora injini usiku. Serikali isiyojua nani yuko ziwani haiwezi kumlinda hata mvuvi wake. Nakubali yote hayo. Ila tazama: kila mfano hapo ni tendo. Ili kulizuia, askari anahitaji kujua mtu anafanya nini. Akianza kumuuliza ni mtu wa wapi, ulinzi wa samaki ameshauacha.

Swali hilo la pili limeumiza watu wa huku. Mwaka 1970 serikali ya Obote nchini Uganda iliwafukuza wafanyakazi Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo. Kisumu bado tunaikumbuka kama dhuluma, na ilikuwa dhuluma. Lakini Kibos, pembeni mwa mji huuhuu, wanaishi Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza. Kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 hakupewa kitambulisho kama wenzake. Aliitwa mbele ya kamati kupigwa msasa, aonyeshe karatasi za babu yake. Huyu hajavuka mpaka wowote maishani. Siwaelewi majirani zangu wanaopaza sauti kuhusu Migingo, kisiwa kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, na kunyamaza kuhusu Kibos, maana anayeteseka kwa swali la "wewe ni wa wapi" ni mtu yuleyule.

Na Migingo yenyewe, mwamba usiofika ekari moja? Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Kwa kauli hiyo mvuvi analala kihalali, kisha anageuka mhalifu akisukuma mashua majini. Kama mpaka ni halali, uwekewe maboya yenye taa ambayo mvuvi atayaona gizani. Anayeshukiwa apelekwe kwa hakimu, si kumalizana naye gatini. Na kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, serikali tatu za ziwa zitueleze kwa nini bado hakuna leseni moja ya uvuvi inayotambuliwa Kisumu, Entebbe na Mwanza.